Mpiga Ngoma Niliyemficha Stoo

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na mpaka leo nikipita sokoni Tukuyu kuna mama mmoja muuza ndizi ananiita "bwana mila" halafu anacheka mpaka anashika kiuno, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwake, maana yeye anatia chumvi, na mkasa wenyewe hauhitaji chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wa kahawa wanazunguka vijijini na magari yao, na mimi niliyekuwa karani wa ghala la kahawa nikapunguzwa kazi nikaachiwa kalamu yangu ya mfukoni. Wenzangu waliopunguzwa walifungua vibanda vya mitumba, mimi nikaanzisha kikundi cha ngoma (mke wangu akifika hapo katika kusimulia huwa anaguna kwanza). Tulikuwa watu kumi na wanne, na mazoezi tulifanyia mle mle kwenye ghala langu la zamani, tupu lakini linanukia kahawa mpaka ukutani. Nia yetu ilikuwa watu waache kushinda kwenye vibanda vya video wakitazama Wachina wakipigana mateke, waje wacheze vya kwao. Nilikuwa nalihubiri hilo sokoni, kanisani, hata msibani, mpaka ikafika mahali watu wakiniona kwa mbali wanavuka barabara.

Basi ghala likapata mchumba. Mfanyabiashara mmoja, mtu mwema tu na sina ugomvi naye, aliomba alipange ili aweke kreti zake za soda na bia, na wilayani wakamtuma mama mmoja aje aangalie nani anastahili. Mama huyo alikuwa mtu wa Tanga, mpole, lakini hapepesi macho. Aliniambia, "Bwana katibu, nikiona wenyeji wanashiriki kweli, nitawatetea. Ila kama ni nyinyi kumi na wanne mnajichezea wenyewe, ghala atapewa mwenye kreti." Akasema atakuja Jumamosi.

Jumanne mpiga ngoma wetu akateleza na baiskeli ya ndizi kwenye utelezi wa Kawetele, mkono ukavimba. Ngoma kubwa bila mpigaji ni meza tu. Nikaona dawa ni moja, niende Masukulu kwa Mzee Angolile, ambaye watu wazima wote walikuwa wakisema hakuna mkono kama wake Rungwe nzima, ila alikuwa hajaitwa kupiga kwa miaka, maana harusi zenyewe siku hizo zilikuwa za redio kaseti.

Nilimkuta anapalilia migomba. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikaeleza shida yangu, naye akasema ameacha mambo hayo, mikono imezeeka. Halafu akaingia ndani, akatoka na ngoma yake akiifuta vumbi kwa mkono wa koti, na hapo nikajua anakuja. Akaniuliza jambo moja tu.

"Huko kwenye kikundi chako, hakuna mtu wangu?"

"Hakuna, baba. Ni vijana wa mjini tu, huwajui."

Mnaona? Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Hata sikufikiria mzee anauliza nini. Wingu lilikuwa limeshajaa, gari la mwisho linakaribia kuondoka, nikamjibu vile watu wanavyomjibu mzee ili mazungumzo yaishe. Na kwa kuwa ujinga hauji peke yake, nikaamua pia nisiwaambie wenzangu nani anakuja, iwe zawadi, wamwone siku hiyo hiyo washangae.

Walishangaa.

Jumamosi mvua ilinyesha ile yetu ya Tukuyu isiyo na haraka, na ghala likajaa watu (nusu yao, nakiri, walikuja kujikinga). Mzee nilikuwa nimemwingiza mapema kwenye stoo iliyokuwa zamani ofisi yangu, nikampa chai na ndizi za kuchemsha, nikafunga mlango. Ukutani nilitundika kitambaa nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, MILA ZETU NDIZO SISI. Mbele kulikuwa na meza ya mgeni rasmi, yule mama wa wilayani, kitambaa cheupe mpaka chini, na soda alizozileta yule yule mfanyabiashara, ambaye naye alikaa pale akitabasamu kama mtu anayepima pa kuweka kreti.

Mpango ulikuwa hivi: wachezaji waingie, wasimame wakimwangalia mgeni rasmi, migongo kwenye stoo. Nikipuliza filimbi, mzee atoke, apige, nao wageuke wote kwa pamoja. Nikapuliza. Ngoma ikalia, na mapigo ya kwanza tu vumbi likadondoka kutoka kwenye kenchi na akina mama wakaguna "Eee!" kwa sababu mkono ule waliujua. Nikajiona mtu mkubwa sana. Wachezaji wakageuka.

Mbele yao alikuwa Tumpe, mchezaji wetu bora, mke wa seremala mmoja wa mjini tuliyemwita Baba Neema. Macho yake yakakutana na ya mzee, hatua tatu hivi. Tumpe akapiga yowe, akajifunika uso kwa mikono miwili, akakimbia kinyumenyume mpaka kwenye meza ya mgeni rasmi, akazama chini ya kile kitambaa cheupe. Soda zikaanguka. Na mzee naye akaiacha ngoma, akalivuta koti likamfunika kichwa, akageukia ukuta.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwanza. Mimi nikadhani mtoto wa watu kashikwa na kifafa. Nikaruka, nikainua kitambaa, nikamshika mkono nikaanza kumvuta, "Mpisheni apate hewa!" naye anavuta kurudi ndani, mimi navuta kumtoa, meza inakwenda huku na huku na mgeni rasmi amenyanyua miguu juu. Nilipoona nashindwa nikapaza sauti, na filimbi bado iko mdomoni kwa hiyo kila neno lilitoka na mlio, "Mzee Angolile! Njoo umshike upande huo, tumtoe!"

Hapo akasimama shangazi yangu Sekela, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Gwe Lugano! Gwe! Unamvuta mkamwana umpeleke kwa mkwe wake? Umerogwa?"

Sasa kwa msio wa kwetu niwaeleze: Mnyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mke anaacha njia. Mama yangu mzazi nilimwona kwa macho yangu nikiwa mdogo akizunguka nyuma ya migomba ili babu apite. Wengi wameacha, lakini nyumba ya Mzee Angolile ilikuwa haijaacha, na Baba Neema alikuwa mwanawe wa kumzaa. Na Tumpe asingeweza kutuambia, kwa sababu jina la baba mkwe mkamwana halitamki. Hilo ndilo mzee alilokuwa akiniuliza kule Masukulu. Na mimi, mhubiri wa mila, nilikuwa nimepiga magoti chini ya maandishi yangu mekundu, nimemshika mkamwana wa watu kifundo cha mkono.

Nikamwachia. Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena, na mama wa ndizi ndiye aliyekianza.

Sikucheka. Nilikwenda ukutani kwa mzee, nikamnong'oneza kwamba nitamtafutia gari arudi nyumbani. Kutoka ndani ya koti akasema, "Nilikuuliza, mwanangu." Machozi yalinilenga, kweli, siwafichi. Ghala nililiona limekwenda, na heshima ya mzee nimeimwaga kama zile soda.

Shangazi hakuwa na muda wa machozi yangu. Alifungua kitenge chake cha juu, akamkabidhi jirani yake ncha moja, akaamuru, "Simameni!" Wakasimama akina mama, vitenge vikaungana, kimoja, vitano, kumi, mpaka ukawa ukuta wa nguo kutoka kwenye mzani wa kahawa hadi mlangoni. Mzee upande huu, Tumpe upande ule.

"Piga, taata!" shangazi akaita. "Hakuna anayekuona!"

Halafu ngoma ikaanza upya, taratibu, ikapanda. Kitambaa cheupe kikainuka, Tumpe akatoka, akatazama ule ukuta wa vitenge, akacheza. Alicheza vile ambavyo mazoezini hakuwahi kucheza hata siku moja. Walioshika vitenge nao wakashindwa kutulia, ukuta wenyewe ukaanza kucheza, na waliokuja kujikinga mvua wakaingia, na mfanyabiashara wa kreti nikamwona ameshika ncha ya kitenge cha mtu, jasho linamtoka.

Mwisho mgeni rasmi akaniita. "Bwana katibu, hilo pazia mmelifanyia mazoezi muda gani?"

Uongo ulikuwa tayari umefika kwenye ulimi, "mwezi mzima, mama," lakini shangazi alikuwa ananitazama. Nikasema ukweli wote. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kile kitambaa cheupe, halafu akaandika kwenye daftari lake. Tukapewa nusu ya ghala, nusu nyingine ikawa ya kreti, na mpaka kesho tunafanya mazoezi na chupa zinatuitikia.

Jumatatu shangazi alinitia kuku mkononi akanituma Masukulu kuomba radhi. Mzee alimpokea kuku, akanikaribisha kiti, naye akaketi.

"Mwanangu ameoa miaka minne," akasema. "Sikujua kama mkewe anacheza. Juzi nilisikia miguu yake tu. Mwambie anacheza vizuri."

Niliufikisha ujumbe jioni ile ile. Tumpe aliinamisha kichwa, akachezea ncha ya khanga yake, kisha akasema, "Mwambie ndaga, nashukuru. Mwambie nami sikuwa namchezea mgeni rasmi."

Mzee anapiga nasi mpaka sasa, na akina mama huja na vitenge vyao bila kuitwa. Kwenye daftari la kikundi, baada ya jina la mtu, nimeongeza mstari: mkwe wa nani. Na mzee yeyote akiniuliza swali, hata kama wingu limejaa na gari la mwisho linapiga honi, namwambia, "Ngoja kwanza nikaulize, baba."