Daftari la Mchawi Wetu

Wewe ungechoma daftari lako kwa sababu tu jirani ameshindwa kulisoma? Kila Jumapili, mjini Mbinga, Pankras na wenzake hukutana chumbani kwa fundi cherehani kucheza mchezo wa kusimuliana safari za kubuni na kurusha dadu, kila mmoja akiigiza mhusika wake; fundi ndiye anayeigiza mchawi. Kitabu cha uchawi kikipatikana mchezoni huwa kimeandikwa kwa mafumbo. Ni lazima fundi ayafumbue, kisha auandike kila uchawi upya kwa alama zake mwenyewe. Huandika taratibu, kastabani bado iko kidoleni, midomo ikitembea bila sauti. Daftari hilo lina miaka mitatu.

"Mchawi, harakisha, chai inapoa!" Pankras alimtania Jumapili moja. Mama mwenye nyumba akasikia dirishani, akaingia, akalinyakua daftari.

"Kumbe ndiyo maana mibuni yangu inanyauka! Maandishi gani haya, dada?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Basi lichome sasa hivi, au kesho uhame."

Fundi alinyoosha mkono, akalipokea, akaendelea kuandika pale alipoachia. Asubuhi yake Pankras alimwona nyuma ya bodaboda, amepakata cherehani, daftari amelibana kwapani.