Kijani Kilichoishia Kwenye Gesi

Mwenzangu alipookota almasi, mimi nilikuwa nimeondoka machimboni Shinyanga wiki moja kabla. Ndivyo nilivyo, hata shule niliiacha darasa la sita, sikai mahali. Ningebaki, tungegawana. Alirudi kwao Makere na jiwe dogo kama punje ya mtama, lina madoa ya kijani juu yake, akasema haliuzi. Anamtengenezea pete binti wa jirani, yuleyule niliyekuwa nampelekea stori za safari zangu kila nikipita, nikidhani kila stori inanisogeza kwake.

Binti alionyeshwa jiwe mara moja. "Kama jani changa la mgomba," alisema. Siku hizo sikutaka hata kutazama migomba.

Mwenzangu akaniomba nimsindikize Kasulu kwa fundi wa pete. "Twende kaka, wewe umezunguka, hawatatubadilishia jiwe."

Fundi alilipachika jiwe kwenye fedha, kisha akawasha gesi aunge pete, jiwe likiwa humohumo.

"Fundi, hulitoi kwanza?" mwenzangu aliuliza.

"Kioo ndiyo ningetoa. Almasi haina habari na moto, mdogo wangu."

Kweli, halikupasuka. Ila pete ilipopoa, madoa yote yalikuwa ya kahawia. Mwenzangu akasugua kwa shati, kwa mate, kwa majivu.

"Labda masizi," fundi akasema.

Hayakuwa masizi. Nilimwekea mwenzangu mkono begani kumpa pole, na moyoni nilikuwa naimba.

Baadaye nilipeleka mzigo wa maharage Kibondo, nikamtafuta mwalimu wa fizikia, mgeni kutoka Tanga. Alinichorea chini kwa kijiti. Jiwe lilikaa ardhini miaka na miaka karibu na miamba yenye urani. Mionzi yake ilipenya juujuu tu, ikang'oa atomi za kaboni mahali pake na kuacha mapengo. Mapengo humeza mwanga mwekundu, jicho likabaki na kijani. Moto mkali huyahamisha mapengo, yakajipanga upya, rangi ikageuka. Akaongeza kwamba palipoumia sana hata ugumu hupungua, na joto halipiti tena kwa wepesi.

Palipoumia! Kumbe jiwe lake lilikuwa na kilema tangu mwanzo. Nilipanda basi la kwanza kwenda Makere kumpelekea binti neno hilo.

Nilimkuta uani kwao anapukuchua mahindi, pete kidoleni. Hiyo pete kidoleni sikuitegemea. Nikamweleza yote, nikikazia kilema. Akaacha mahindi, akaigeuza pete juani.

"Kwa hiyo ile kijani ndiyo ilikuwa ugonjwa?"

"Ego," nikakubali kwa Kiha chetu.

"Na hii kahawia?"

"Ugonjwa uleule, umepikwa."

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Hakuwahi kucheka hivyo kwa stori yangu yoyote. Kisha akapaza sauti nyuma ya nyumba, ambako mwenzangu alikuwa anaezeka banda la mbuzi la baba mkwe.

"Wewe, njoo usikie! Fundi hakukuharibia kitu, liliharibika kabla ya babu zetu!" Akanigeukia. "Mweleze na yeye, shemeji. Tangu Kasulu hana raha."

Shemeji. Hakuwa ameniita hivyo kabla.

Mwenzangu akaja na nyasi kichwani, akakaa karibu naye. Nikaanza upya, kuanzia urani, na kila nilipofika kwenye pengo jipya uso wake ulizidi kukunjuka, na binti alikuwa anautazama uso huo, si wangu.