Rundo Chini ya Feni

Kwenye usaili nilidanganya. Nilipoulizwa kama naijua theluji, nilijibu kifua mbele kwamba natoka Moshi, Kilimanjaro tunauona dirishani. Kuuona tuliuona kweli. Theluji yenyewe sikuwahi kuigusa hata kwa kidole, lakini nikaajiriwa kuichota kwa koleo ndani ya ukumbi wa kuteleza kwenye theluji ya kutengenezwa hapa Dubai, nje jua likikaanga watu.

Aliyenigundua ni mwenzangu wa zamu, Mnepali mtu mzima aliyekulia milimani. Siku ya pili tu alinifuma nikilamba theluji kwenye glavu. Alicheka mpaka akakaa chini. Niliona aibu, na aibu ikanipandisha hasira: nikaapa nitaijua theluji hii hadi iniombe radhi.

Akanifundisha kutazama. Kila asubuhi kabla ya wageni tulikagua mteremko. Upepo wa feni kubwa ulikwangua theluji mpya upande mmoja na kuirundika upande wa pili, juu ya mwamba wa bandia. Rundo lile lilivimba kama unga wa maandazi ulioumuka.

"Usiangalie uzuri wake," aliniambia. "Angalia limeshikwa na nini."

Kwao, alisema, upepo hurundika theluji hivyo hivyo, na siku moja mlima huporomoka bila kuguswa na mtu. Nikanunua daftari. Nilichora kila rundo na kila kiporomoko kidogo kilichoanguka chenyewe. Wenzangu waliniita profesa, nami sikujali.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, niliona ufa mwembamba mgongoni mwa rundo. Chini yake ndipo watoto hupita, na basi la shule lilikuwa limeshafika. Nikamwomba meneja tuifunge njia ile kwanza.

"Khalas, yaishe, fungua. Hapa ni ndani ya jengo. Yalla, haraka!" akafoka.

"Sir, sifungui."

Kazi ile ndiyo iliyomsomesha mwanangu. Hata hivyo nilikwenda nikasimama katikati ya njia, koleo mkononi. Meneja akasema nisipotoka nikachukue vitu vyangu. Sikutoka.

Mnepali akaja mbio, akanivuta pembeni kwa nguvu hadi nikaangusha koleo. Nilimgeukia nikiwaka, nikidhani naye yuko upande wa bosi.

"Sista," akasema akihema, "njia tunaifunga kwa kamba, tukiwa huku pembeni."

Ilisikika sauti ndogo, kama ya mtu anayekalia godoro. Rundo likakatika pale pale kwenye ufa, likashuka, likajaa njiani hadi usawa wa kiuno. Koleo langu halikuonekana.

Watoto walikuwa bado wanavalishwa mabuti. Meneja alikwenda mwenyewe kuleta kamba. Mimi nililia mbele yao wote. Rundo nilikuwa nimelisoma sawasawa, halafu nikaenda kusimama chini yake.