Choya za Dada Zaina

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, pale Kwaluguru, nikinyamaza kidogo tu watu walinishika paji la uso wakidhani nina homa. Sijui Bibi alinituma mimi kwa akili gani.

Dada yangu Zaina alikuwa amejifungua jana yake. Mtoto mzima, ila yeye damu ilikuwa haikatiki, midomo myeupe kama kalamba unga. Baba alikwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Bibi akataka choya, yale maua mekundu machachu tuliyokuwa tukiyatafuna shambani mpaka meno yanaingia ganzi. Yanarudisha damu, alisema.

"Mke mwenzangu, leo ufumbe hilo domo. Mbeba dawa haitiki njiani. Akiitika, dawa imeharibika."

"Hata akiniita mwalimu?"

"Hata akikuita baba yako."

Ilikuwa saa saba mchana, shamba kimya, hata njiwa hasikiki. Nilichuma, nikafunga kwenye kanga. Nilipofika kwenye mihogo, sauti ya Mama ikaniita jina langu, mara moja. Ulimi ukanitangulia.

"Abee, Mama."

Nikageuka huku na huku. Mihogo imesimama tu, hakuna mtu.

Nyumbani nikamkuta Mama kitandani kwa Zaina, kama hajainuka tangu asubuhi. Nikamnong'oneza, "Umeniita?"

"Sijakuita," akasema, hakunitazama.

Bibi aliponiuliza kama nimesema na mtu, nikakana. Choya zikachemshwa, Zaina akanywa vikombe viwili. Gari lilifika alasiri, naye ameshatutoka.

Nimekua, nimechekesha watu mpaka misibani, lakini nikiitwa kwa nyuma siitiki mpaka nigeuke nimwone anayeniita. Mwaka jana, tukichemsha choya za futari, nikamweleza Mama yote. Akaweka mwiko chini.

"Ni mimi niliyekuita," akasema. "Nilitoka uani kukuharakisha. Jina limeshanitoka ndipo nikakumbuka umebeba dawa."

"Mbona ulikana?"

"Ningemwambia nini mama mkwe wangu? Kwamba mwanangu nimemuua mimi?"

Kilichomuua Zaina ni gari kuchelewa, najua. Lakini miaka yote hiyo niliogopa kuwa ni mzimu ulioniita kwa sauti ya Mama, na mzimu ungekuwa nafuu. Tulikuwa wawili, tukila sahani moja, kila mmoja akiamini ni yeye aliyemzika Zaina.