Power saw ilizima Baba Shiro akiwa juu ya mti

Mabeshte, leo nimekaa tu, sisikii kufanya kitu.

Baba Shiro hukata miti hapa Mugutha. Juzi nilimtengenezea ka-power saw kake ka kupanda nako.
Nikaosha kabureta, nikabadilisha plagi. Kwa meza kakanguruma fiti sana!

Leo akiwa juu ya mti wa mukima akakainamisha akate tawi.
Kakazima.
Tawi limekatika nusu, linaning'inia juu ya mabati ya jirani. Akamalizia na panga, mkono mmoja kwa kamba.

Nimekafungua. Paipu ya petroli iko na ufa, ukikainamisha inavuta hewa.
Na mimi nilikajaribu kakiwa kamelala tu.

Hakunitusi.
"Fundi, tengeneza tena. Halafu utapanda ukajaribu huko juu mwenyewe."

Na vile naogopa urefu.
Ungekuwa wewe, ungepanda?