Baba wa Jumamosi

Miaka ile sabuni ilipokuwa adimu, mimi nilikuwa mtu wa njiani. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sikuweza kukaa mahali. Nikisikia kuna kibarua Musoma, nakwenda. Nikisikia huko kisiwani Rukuba watu wanaanika dagaa juu ya mawe, navuka kwenda kuangalia wanavyofanya, nakaa miezi mitano. Binti yangu nilimwacha Butiama kwa dada yangu mkubwa, kwani mama yake alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea.

Dada alilea watoto sita, wake na wa wengine, katika nyumba yenye njaa, na nyumba yenye njaa haikosi ugomvi. Hakuwa mtu wa fimbo. Watoto wawili wakigombana aliwakalisha chini, ungo mmoja katikati, kila mmoja na hindi kavu mkononi. Wanapukuchua huku wanasema. Kwanza taja jema alilokufanyia mwenzako, hata kama ni dogo. Kisha sema lililokuuma. Mwenzako akipaza sauti, weka hindi lako chini, unyamaze mpaka amalize.

Nilimuuliza kwa nini mahindi.

"Mkono ukiwa na kazi, mdomo hauna haraka," akasema. "Wewe hukufundishwa, ndiyo maana ukikosana na mtu unahama mji."

Nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Serikali ilipofungulia biashara nikaingia kwenye mitumba pale Bunda. Safari moja nikafika Butiama na vipande viwili vya sabuni na gauni la mtoto. Binti alikuwa na miaka tisa. Tulipomaliza kula mchana akaniletea kigoda, akaweka ungo na mahindi, akakaa chini mbele yangu.

"Ee, siku hizi hata mgeni anapewa kazi?" nikatania, nikachukua hindi.

Hakucheka. "Baba, asante kwa gauni. Limenitosha." Akapukuchua mistari miwili. "Nina jambo."

"Sema, mama."

"Ukiondoka unasemaga utarudi Jumamosi. Mimi nakaaga pale barabarani mpaka ng'ombe wanarudi. Hawa wenzangu wananiita mtoto wa Baba Jumamosi. Wananiuliza, 'Ni Jumamosi ya mwaka gani?' Naomba usiniambie siku, baba. Kama hujui, sema hujui."

Alisema polepole, macho kwenye hindi. Angelia ningejua la kufanya. Ningembeba, ningemwahidi pipi. Ule utulivu wake ndio ulionishinda.

"Nani kakufundisha kumhoji baba yako?" nikafoka. "Huko ninakohangaika, nahangaika kwa ajili ya nani?"

Akaweka hindi lake chini. Akanyamaza. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nikaendelea kufoka peke yangu, nikataja jua, mizigo, usingizi wa stendi, mpaka maneno yakaniishia. Ndipo mtoto akachukua tena hindi lake.

"Pole, baba. Najua unahangaika. Lakini usiniambie siku."

"Sawa," nikasema.

Asubuhi yake akanisindikiza mpaka barabarani. Jumamosi ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Nikajikaza.

"Sijui nitarudi lini."

"Asante, baba. Safari njema."

Akageuka kurudi nyumbani kabla gari halijafika. Nilikuwa nimetegemea atauliza, angalau mara moja, kama ni mwezi huu au ujao.

Nilikaa Bunda miezi minane. Nilijua hakuna anayenisubiri, kwa hiyo hata haraka sikuwa nayo. Siku niliyorudi Butiama alikuwa shambani anapalilia mihogo na wenzake. Akaja, akanipokea mzigo, akaniambia shikamoo kama anavyomwambia mtu yeyote apitaye njia, kisha akarudi kwenye jembe lake.