Jina Langu Limepigwa X

Ifakara, Jumapili jioni, msimu wa mavuno.

Dada msimamizi wa ukurasa, habari za jioni. Jina langu nifichie, ila herufi zake mbili za mwanzo, FN, uniachie. Bila hizo hakuna atakayenielewa.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, naishi Mlabani. Nimesoma hadi kidato cha nne. Ninafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kuandikisha wakulima kwenye kompyuta. Programu ninayotumia aliiandika mume wangu, aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Mkulima akileta mpunga, naingiza jina na namba yake ya simu, anarudi kwake. Zamu yake ikikaribia anapata ujumbe. Kabla ya hapo watu walikuwa wanalala juu ya magunia yao.

Mume wangu alijifunza mwenyewe, akiandika kwa vidole viwili. Kompyuta aliifunika kwa kanga yangu ya zamani kwa sababu ya vumbi la pumba, na kabla ya kuigusa alikuwa ananawa mikono kama anayekwenda kula. Mimi alikuwa ananiita Efu-Eni. Siku moja alinionyesha sehemu ya programu inayochagua zamu ya nani imefika. Sehemu kama hiyo hupewa jina, kisha programu huiita kwa jina hilo kila inapoihitaji. Yeye aliiita fn. Akaniambia, "Mtu yeyote akiitwa hapa mashineni, wewe unaitwa kwanza." Nikamwambia aache utoto. Akacheka hadi chai ikampalia.

Wiki iliyopita nilifungua kazi asubuhi, programu ikagoma. Ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, nikauangalia kwenye kamusi ya simu neno kwa neno. Ulikuwa unasema kwamba fn haikutarajiwa pale. Nilikaa nikiutazama. Nikazima, nikawasha. Nikaandika kwa herufi kubwa, ikakataa vilevile. Nikabadilisha jina hilo mahali pa kwanza tu, likalalamikiwa mahali pengine, nikarudisha.

Nikampigia rafiki wa marehemu, nimwite Deo, fundi wa kompyuta. Alikuja, akaangalia muda mfupi tu.

"Shem, jamaa hakukosea kitu," akasema. "Wenye seva tunayokodi wamepandisha toleo la lugha iliyoandikiwa programu. Kwenye toleo jipya hizo herufi mbili ni neno la lugha yenyewe. Mtu haruhusiwi tena kuzifanya jina."

"Lakini zilikuwa zake tangu zamani."

"Hata wewe ukijenga halafu barabara ikapanuliwa, si nyumba inapigwa X ya kubomolewa? Hawaulizi ulianza lini."

Nikamwomba aturudishe kwenye toleo la zamani. Akasema wenye seva wamelifunga, halina usalama. Anaweza kuniwekea la zamani kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, nifungue na kutazama, lakini halitatuma ujumbe kwa mtu yeyote. Nilipomsikia nikaona kama ananieleza kaburi.

"Ongeza herufi ya tatu tu," akasema. "Tatu hazijachukuliwa. Weka ya jina lake. Ukilibadilisha kila mahali, kazi imekwisha. Au niandike programu mpya kabisa, hii imezeeka."

Nilimwambia nitafanya mwenyewe. Sijafanya.

Huku mashineni kandambili zimerudi. Watu wanazipanga chini kushika foleni kama zamani, na kila asubuhi ugomvi ni kandambili ya nani imesogezwa. Mmoja akasema nikisikia, "Kompyuta imefiwa, tuipe pole." Wenzake wakacheka. Hawakunikusudia mimi. Juzi bibi mmoja wa Sanje alirukwa zamu, na mvua isiyo ya msimu ikakuta magunia yake nje. Hakunisema. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ule ujumbe wa simu umekwisha?"

Mzee mwenye mashine ni mtu mpole, mwenyeji wa Pwani, alikuja kunizikia mume. Jana aliniita pembeni. "Binti yangu, mimi kompyuta siijui, foleni naijua. Nakusubiri mpaka Ijumaa. Ikishindikana kuna vijana wa Morogoro wana programu yao, na wanakuja na mtu wao wa kuikalia." Maana yake kiti changu kinaondoka, na kazi ya mume wangu inafutwa.

Najua wengine mtacheka kwamba ni herufi moja tu. Nami najisema hivyohivyo. Leo baada ya misa nimenawa mikono, nimeondoa kanga, nimeandika herufi tatu, zangu mbili na yake moja. Nimezitazama, nimezifuta. Efu-Eni namjua, alikuwa mke wa mtu. Huyu wa herufi tatu ndiye mjane, na zamu ya kila mtu itakuwa inaanza kwa kumwita yeye. Tangu nizike, hakuna aliyeniita Efu-Eni ila ile programu. Nilikuwa nakaa pale mchana kutwa, kila gunia likibebwa najua nimeitwa.

Nikiliondoa jina hilo kwa mkono wangu mwenyewe, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili. Nikiliacha, Ijumaa nakosa kazi, na yule bibi wa Sanje na wenzake watarudi kulala juu ya magunia. Ndugu zangu, hasa mliofiwa na wenzi wenu, mliwezaje kuitika jina jipya? Niambieni, nitasoma yote, hata ya kunisema.

Na mkisali, mtukumbuke sote wawili, yeye na Efu-Eni wake.